Mpapai Dume na Ndugu Zake wa Porini

Mpapai wa Mbagala huhukumiwa siku unapotoa maua. Miezi yote ya nyuma ulimwagiwa maji yaliyosuuzia vyombo, ukawekewa samadi ya kuku na kuzungushiwa matawi ya miba ili mbuzi wasiufikie. Kisha yanachomoza mashada marefu ya maua membamba, yananing'inia, na kabla ya magharibi mpita njia atakuwa ameshatoa hukumu: "Baba Asha, huo dume, unakumalizia nafasi tu." Charambe, Chamazi, Kijichi au Mbande, hukumu haibadiliki. Wenye subira hujaribu kwanza tiba ya msumari kwenye shina, au hukata kilele. Wengine huchukua panga moja kwa moja.

Nina hoja ya kumtetea dume huyu, lakini siwezi kuitoa bila kupitia kwa ndugu zake. Mpapai una ukoo mpana kuliko tunavyodhani, na ndani ya ukoo huo swali la nani dume na nani jike halina jibu la haraka.

Ushahidi wa undugu uko mdomoni. Tafuna mbegu mbili tatu za papai lililoiva. Ukali unaopanda hadi puani ni ule ule wa mzizi wa mlonge, wa haradali na wa figili. Unatokana na kemikali ziitwazo glukosinolati, ambazo mmea huzihifadhi mbali na kimeng'enya cha kuzivunja. Jino likipasua seli, viwili hivyo vinakutana na mafuta makali yanazaliwa papo hapo. Wadudu wengi hawayawezi. Wataalamu wa mimea, hasa baada ya kuanza kulinganisha vinasaba miaka ya 1990, wameikusanya mimea mingi yenye silaha hii kwenye oda moja iitwayo Brassicales. Humo mna mpapai, mlonge, kabichi, sukuma wiki, mti wa mswaki, mgagani, na jamii nzima ya kapari.

Kapari tunaijua kidogo, pengine kwenye kichupa cha dukani: vitumba vya kijani vilivyolowekwa kwenye chumvi au siki, ambavyo watu wa nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania hunyunyiza juu ya samaki. Hivyo ni vitumba vya maua, vimechumwa kabla havijafunguka. Mmea wenyewe, Capparis spinosa, si wa kwetu, ila ndugu zake wa porini wako tele Afrika Mashariki. Capparis tomentosa ni kichaka chenye matawi yenye manyoya na miba iliyopinda inayokaa miwili miwili. Ukiingiza mkono humo, shati ndilo hutangulia kulipa. Waganga wa jadi sehemu nyingi za Afrika hutumia mizizi yake, na mmea huo huo unajulikana kuwa na sumu, kwa hiyo asitokee mtu wa kuujaribu jikoni. Capparis cartilaginea hupenda mawe, pamoja na miamba ya matumbawe ya mwambao. Mimea ya jamii hii ilielezwa kwa kina mwaka 1964, katika juzuu yake ya ule mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa anayeishi Mbagala, ndugu rahisi kumchunguza ni mgagani. Hauhitaji safari ya msituni. Huota wenyewe kwenye viwanja visivyojengwa, kando ya njia, na palipomwagwa takataka. Sokoni huuzwa kwa fungu ukiwa mchanga, maana ukishatoa maua majani huwa machache na uchungu unazidi, na mnunuzi anayejua mboga ataupita. Hilo fungu lililopitwa ndilo tunalolitaka.

Shika ua moja karibu na macho. Petali ni nne, nyeupe au zenye wekundu wa mbali, kila moja imesimama juu ya kikonyo chembamba. Katika maua tuliyozoea, stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua, huanzia chini kabisa, pale petali zinapoanzia. Kwenye mgagani sivyo. Katikati ya ua kimenyanyuka kijiti kimoja cha rangi ya zambarau, na stameni sita zinachomoza kutoka huko juu, hewani, mbali na petali. Ovari, sehemu ya kike itakayokuwa ganda lenye mbegu, imekaa juu zaidi, mara nyingi kwenye kikonyo chake yenyewe. Dume na jike wamepandishwa ghorofani pamoja, kisha jike akaongezewa ngazi.

Kapari ya porini imechagua mpango mwingine. Stameni zake ni nyingi, kwenye baadhi ya aina zinapita mia, ndefu na nyeupe, na zote zimebaki chini. Inayopandishwa ni ovari peke yake, juu ya kikonyo kirefu kinachozipita petali na mara nyingi kuzifikia ncha za stameni. Tunda likikomaa unaliona linaning'inia kama lina vikonyo viwili vilivyoungwa: kile cha ua la zamani, na juu yake kile cha ovari. Mwanafunzi wa mimea huitambua jamii nzima kwa kiungo hicho.

Kikonyo hicho kina kazi. Mdudu mkubwa anayenyonya nekta kutoka chini ya ua hugusa kwa mwili wake kile kilicho kwenye kimo chake. Ovari ikisimama kwenye kimo kile kile cha stameni, chavua iliyoletwa kutoka ua jingine inafika mahali pake. Ikiwa fupi mno, mdudu anaondoka bila kuigusa. Kwa hiyo urefu wa kikonyo, jambo la milimita chache tu, unaamua kama ua litakuwa mama au litabaki kuwa baba tu.

Na milimita hizo hazifanani. Kusanya maua mengi ya mgagani kwenye mimea michache, yapange kwenye sinia, na utaona tofauti bila darubini: mengine ovari yake iko juu kabisa, mengine imebaki chini karibu na stameni. Kwenye kapari ya Capparis spinosa tofauti inakwenda mbali zaidi. Kichaka kimoja hutoa maua ya jinsia mbili yaliyokamilika, na pia maua ambayo sehemu yake ya kike ni kibaki kidogo kisichoweza kuzaa. Hayo ya pili ni ya kiume kwa kazi, ingawa yana petali na stameni zile zile na yamekaa tawi moja na wenzake.

Kwa nini mmea ujisumbue kutengeneza maua yasiyozaa? Jibu la kwanza lililo wazi lilitoka kwa ndugu mwingine, mmea wa bustani wa jamii ya mgagani uliojulikana kama Cleome spinosa. A. B. Stout, mtaalamu wa mimea wa bustani ya mimea ya New York, alichapisha mwaka 1923 alichokiona kwenye shina moja moja la mmea huo. Maua yalikuwa yakija kwa zamu. Kundi la maua yanayozaa, kisha juu yake kundi la maua ya kiume tu, kisha yanayozaa tena, na shina linaendelea kurefuka. Ukilisoma shina kutoka chini kwenda juu unaona maganda ya mbegu, pengo, maganda, pengo.

Mwaka 1927, A. E. Murneek huko Missouri, Marekani, akalichukua swali mbele kidogo kwa njia ambayo mtoto wa shule angeweza kuirudia. Aliondoa ovari changa na maganda. Mmea ulipopokonywa watoto uliendelea kutoa maua yenye uwezo wa kuzaa, bila lile pengo la maua ya kiume. Ukiachiwa maganda yake, ulirudi kwenye zamu. Maana yake ni kwamba maganda yanayokua hapo chini yanavuta chakula, na maua yanayofuata juu hutengenezwa kwa kilichobaki. Kikiwa kidogo, mmea hauachi kuchanua. Unaacha sehemu ya gharama.

Gharama iko kwenye ovari, tunda na mbegu zenye mafuta. Chavua ni rahisi kuitengeneza. Mama ntilie ambaye mtaji umeyumba hafungi kibanda. Anaacha kupika pilau na kuendelea na chai na maandazi, wateja wasisahau njia. Mmea wa kapari wenye maua ya kiume unafanya hesabu ya namna hiyo: chavua inaendelea kusafiri kwenda kuzaa kwenye mmea wa jirani, nondo na nyuki wanaendelea kuja, na matunda yaliyokwisha kushika hayanyang'anywi chakula. Mwaka 2009 watafiti wa China walioichunguza kapari ya huko Xinjiang waliandika juu ya kazi za maua hayo ya kiume, na tangu hapo ni vigumu kuyaita makosa ya maumbile.

Hapa anayelima mgagani kwenye magunia nyuma ya nyumba anapata kitu cha kushika. Ukivunja vilele mapema, kabla vitumba havijafunguka, chakula kilichokuwa kinaelekea kwenye mbegu kinabaki kwenye majani na machipukizi ya pembeni, na mavuno yanaendelea. Ukitaka mbegu, achia mimea michache kabisa, usiivune majani, kisha weka mbegu zake miezi kadhaa kabla ya kupanda. Mbegu mbichi za mgagani huota kwa kusuasua, na wengi huwalaumu waliowauzia. Kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kilichoko Arusha kimekuwa kikikusanya na kuboresha mbegu za mboga za asili za Afrika, mgagani ukiwemo, na wanaoishughulikia wanalijua tatizo hili la usingizi wa mbegu vizuri.

Sasa turudi kwa mpapai, ambao umeipeleka hadithi hii upande wake. Kwenye kapari, mti mmoja una maua ya aina zote na hesabu hufanywa ua kwa ua. Kwenye mpapai, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanywa ndani ya mbegu. Mwaka 1938 Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa upande wake, walieleza namna jinsia ya mpapai inavyorithiwa. Mwaka 2004 kundi la watafiti, Ray Ming akiwamo, likaonyesha kwamba mpapai una kromosomu za jinsia, ambazo bado ni changa sana zikilinganishwa na za binadamu. Jike ana X mbili. Dume ana X na Y. Na kuna mti wa tatu, wa jinsia mbili, wenye X na Y ya namna nyingine kidogo. Y mbili zikikutana katika mbegu moja, kiini kinakufa.

Hiyo Y ya mti wa jinsia mbili ina historia yake. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2015 unakadiria kwamba ilitengana na Y ya dume yapata miaka 4,000 iliyopita, wakati ambao watu wa Amerika ya Kati walikuwa wameshaanza kilimo. Inaelekea kuwa mkono wa mkulima ndio uliouchagua mti huu na kuueneza. Mti unaozaa bila kungoja mwenzake nani angeuacha?

Maua yenyewe yanasomeka bila maabara. Ya dume hukaa mengi kwenye vikonyo virefu vilivyogawanyika, kila ua ni mrija mwembamba wenye stameni 10 mdomoni. La kike liko peke yake au na wenzake wachache, karibu na shina, nene chini, petali tano zimeachana, na ndani kuna ovari ya mviringo yenye vishada vitano kichwani, stameni hakuna. La jinsia mbili liko katikati ya hao wawili: limekaa karibu na shina, petali zimeungana chini, ovari ni ndefu, na stameni zimeizunguka. Fungua kitumba kimoja kwa ukucha kabla hujafungua mdomo kuhukumu.

Hapo ndipo tabia ya ukoo inapojitokeza tena, maana mti wa jinsia mbili haukai imara. Joto likipanda sana, maji yakipungua, au naitrojeni ikiwa haba, ovari hudumaa na ua linabaki la kiume. Kwetu Dar es Salaam ule ukali wa jua wa Januari na Februari unatosha, na mwenye shamba analalamika kuwa mpapai "umepumzika" au maua yanapukutika. Baridi na unyevu mwingi huleta kasoro ya upande mwingine: stameni hugandana na ovari, na papai linatoka limejikunja na lina mifereji. Mpapai jike hauyumbi hivyo. Mpapai dume nao baadhi hubadilika kwa msimu na kutoa vipapai vidogo mwishoni mwa vile vikonyo virefu.

Ndiyo maana msumari una sifa isiyo yake. Chuma kwenye shina hakibadili kromosomu. Lakini kati ya madume yaliyopigwa misumari, yapo ambayo yangebeba vipapai vyake msimu ukifika hata bila kuguswa, na hao ndio wanaosimuliwa mtaani. Walionyamaza hawasimuliwi.

Bado sijamtetea dume. Tuseme umekata wote, umebaki na majike. Mpapai jike unahitaji chavua kutoka nje; ukiikosa, maua mengi huanguka, au matunda yanabaki madogo bila mbegu. Chavua hiyo husafirishwa zaidi na nondo wakubwa wa jioni, wale wenye mabawa membamba ambao hunyonya wakiwa wameelea hewani bila kutua. Dino Martins na Steven Johnson walichunguza uchavushaji wa mipapai Kenya na kuchapisha mwaka 2009: mashamba yaliyokuwa karibu na uoto wa asili ulio katika hali nzuri ndiyo yaliyohudumiwa vizuri zaidi na nondo hao. Martins ameeleza pia habari ya wakulima wa Bonde la Kerio waliokuwa wakikata mipapai dume kwa kuona haina faida, mpaka mavuno yakawakumbusha.

Sababu si uchache wa chavua peke yake. Ua la kiume la mpapai lina nekta. La kike halina kitu. Herbert Baker, aliyeandika juu ya jamii hii ya mipapai mwaka 1976, alieleza kwamba nondo hufika kwa jike kwa kukosea: ua ni jeupe, linanukia, giza limeingia, naye anadhani ni lile lenye kinywaji alilotoka kulinyonya. Ukiondoa dume umeondoa chakula kinachomleta nondo mtaani kwanza. Udanganyifu wa jike hauna soko bila ukweli wa dume.

Nondo hao wana maisha mengine pia. Mmoja wao, Agrius convolvuli, kiwavi wake ndiye yule mnene mwenye pembe mkiani anayekula majani ya viazi vitamu, kwa maneno mengine matembele yetu. Wakubwa wao huhitaji nekta kila usiku, siyo tu mpapai unapochanua. Maua meupe yanayofunguka magharibi na kunyauka kesho yake, pamoja na ya kapari, ni ya wateja wa aina hiyo: huko Israel uchunguzi wa mwaka 1986 uliwakuta nondo na nyuki wakigawana nekta ya kapari za porini. Kila kichaka cha miba kinachong'olewa kati ya Kongowe na Vikindu ili kiwanja kipimwe kinapunguza maghala ya usiku kwa nondo wanaokuja kwenye mipapai ya uani. Sisemi watu wasijenge. Nasema ua wa miba wa nyuma ya nyumba si lazima uwe wa waya.

Wala simaanishi kila dume aachwe. Washauri wa kilimo hupendekeza dume mmoja kwa majike kumi au zaidi, na kiwanja cha Mbagala hakina nafasi ya kumi. Lakini nondo hatambui mipaka ya viwanja. Kabla ya panga, angalia juu ya kuta za majirani: kama mtaa mzima hauna dume mwingine, huyo wako anawahudumia wote, na pengine mapapai ya Mama Zuhura yanatokana na mti unaoambiwa ukate.

Asiyetaka mjadala huu kabisa aanzie sokoni. Papai la mviringo, lenye tumbo pana na uwazi mkubwa ndani, kwa kawaida limetoka kwenye mti jike. Lililorefuka, lenye nyama nene na uwazi mwembamba, limetoka kwenye mti wa jinsia mbili, na kama lilijichavusha lenyewe, mbegu zake hazina dume hata mmoja: theluthi mbili zitakuwa za jinsia mbili na theluthi moja majike. Panda miche mitatu kwenye shimo moja, ungoje maua, ubakize ule unaoutaka. Mbegu za papai la mviringo lililopata chavua ya dume zitagawanyika nusu kwa nusu, na katika kila mashimo manane yenye miche mitatu mitatu, tarajia moja litoke na madume matupu.